Ukuta wa mviringo: kompyuta huchora kwa dakika, mwenye jengo hulipa kwa miaka

SOMO LA WIKI: UWEKEZAJI KATIKA MAJENGO

Mfanyabiashara aliyejenga fremu zake za kwanza kwa kuta zilizonyooka hupatwa na mshangao anapojenga jengo la pili. Msanifu majengo humkabidhi picha ya rangi iliyotoka kwenye kompyuta. Kona ya jengo haina ncha, imezungushwa kama tumbo la mtungi. Picha inavutia, wapangaji wataipenda, na malipo ya awali yanatolewa. Miezi michache baadaye simu zinaanza: matofali yamepungua, fundi wa alumini anataka nyongeza, na chumba cha kona ni kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kilichotokea ni kwamba kwenye kompyuta kupinda ukuta ni kazi ileile ya kuchora ukuta ulionyooka, yaani kubofya mara mbili au tatu. Kwenye kiwanja kazi hizo mbili zina bei tofauti, na tofauti hiyo haionekani kwenye picha. Somo la wiki hii linaeleza jinsi programu za usanifu zinavyouchora ukuta wa mviringo, mahali ambapo fedha hupotea, na vipimo ambavyo mwenye jengo anaweza kuvikagua mwenyewe kwa tepu na kikokotoo cha kawaida.

MAMBO MATATU YA KILA TAO

Ukuta wa mviringo ulio rahisi kujengwa ni kipande cha duara. Kipande hicho huitwa tao, nacho hutambulishwa kwa mambo matatu: kitovu kiko wapi, nusukipenyo ni kiasi gani, na tao linaanzia na kuishia wapi. Fundi akipewa mambo hayo hahitaji kompyuta. Anapigilia kigingi kwenye kitovu, anafunga kamba yenye urefu wa nusukipenyo, kisha anazunguka akiweka alama ardhini. Nyumba ya msonge hupimwa hivyo hivyo.

Uko mviringo wa aina ya pili, unaopinda kulia na kushoto kama njia ya mto, usio na kitovu kimoja. Hesabu zake zilikuzwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, na Paul de Casteljau wa Citroën pamoja na Pierre Bézier wa Renault. Walihitaji njia ya kuieleza mashine umbo la bodi ya gari. Leo hesabu za ukoo huo zimo karibu katika kila programu ya kuchora. Mchoraji anaweka pointi chache, kompyuta inapitisha mstari laini, na akivuta pointi moja mstari wote wa jirani unajipinda.

Kwa mwenye jengo tofauti ya aina hizi mbili ni tofauti ya gharama. Katika aina ya kwanza fundi ana mahali pa kupigilia kigingi. Katika aina ya pili hana, hivyo lazima apewe orodha ya pointi, kila moja na vipimo vyake viwili kutoka kwenye mistari iliyonyooka ya kiwanja. Orodha hiyo ni kazi ya msanifu na mpima, na kazi hiyo hulipiwa. Pale ambapo mchoro hauna kitovu wala orodha ya pointi, fundi atakisia, na gharama ya kukisia humwangukia mwenye jengo.

MFANO: DUKA LA KONA

Chukulia jengo la biashara lililo kwenye makutano ya barabara mbili. Kona ya nyuzi 90 inazungushwa kwa nusukipenyo cha mita 4, kikipimwa hadi uso wa nje. Ukuta una kimo cha mita 3 na unene wa milimita 150, yaani tofali la inchi 6.

Kama kona ingebaki na ncha, kuta mbili za mita 4 kila moja zingetoa mita 8 za ukuta. Tao la robo duara lina urefu wa 3.1416 mara 4 gawanya kwa 2, ambao ni mita 6.28. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: kona ya mviringo inahitaji ukuta mfupi kuliko kona ya ncha. Eneo la ukuta linashuka kutoka mita za mraba 24 hadi 18.85. Kwa hesabu ya kawaida ya matofali 10 kwa mita moja ya mraba, pamoja na yanayovunjika, matofali yanashuka kutoka 240 hadi 189.

Matofali basi yanapunguaje kiwanjani? Kosa hutokea pale anayekadiria vifaa anapoweka rula kwenye karatasi na kupima moja kwa moja kutoka ncha moja ya tao hadi nyingine. Mstari huo una mita 5.66 tu, na unampa matofali 170. Tofauti ni matofali 19 kwa kila ghorofa, na saruji, mchanga, lipu na rangi yake. Kwenye jengo la ghorofa tano ni matofali 95 ambayo hayakuwamo kwenye bajeti.

Hasara kubwa zaidi iko sakafuni. Kipande cha mraba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16. Robo duara ina 12.57. Kona ya mviringo imekata mita za mraba 3.43 kwa kila ghorofa, na kwa ghorofa tano ni 17.15. Kama kodi ingekuwa shilingi 15,000 kwa mita ya mraba kwa mwezi, kiwango ambacho hapa ni cha mfano tu, mwenye jengo angekuwa ameacha shilingi 257,250 kila mwezi, au shilingi 3,087,000 kwa mwaka. Matofali 51 yaliyookolewa kwa kila ghorofa hununuliwa mara moja. Kodi iliyoachwa haikusanywi maisha yote ya jengo.

Haina maana kwamba kona ya mviringo ni biashara mbaya. Duka lenye uso wa mviringo huonekana kutoka barabara zote mbili, na mpangaji anaweza kukubali kodi ya juu kwa sababu hiyo. Jambo la msingi ni kwamba hesabu ifanywe kabla ya kuchimba msingi, wakati nusukipenyo bado kinaweza kupunguzwa. Kikishushwa kutoka mita 4 hadi 2, eneo linalokatwa linashuka hadi mita za mraba 0.86, robo ya lile la kwanza, na kona bado ni ya mviringo.

PROGRAMU HAZICHORI TAO KWA NJIA MOJA

Mwenye jengo anapaswa kujua programu iliyotumika, kwa kuwa zinazoonekana sawa kwenye skrini hazihifadhi mviringo kwa namna moja.

AutoCAD ya kampuni ya Marekani ya Autodesk, iliyotoka mwaka 1982, huhifadhi tao kama tao: kitovu, nusukipenyo na nyuzi. Wakati mwingine kwenye skrini tao hilo huonekana lina vikona vidogo, lakini hilo ni suala la kuonyesha tu. Vipimo vilivyo ndani ya faili ni vya tao kamili.

SketchUp, inayopendwa kwa wepesi wake, hufanya kinyume. Mviringo wake ni vijiti vilivyonyooka vilivyounganishwa. Kwa kawaida isipobadilishwa, duara zima huwa na vijiti 24 na tao huwa na 12. Chukulia ukumbi wenye ukuta wa nusu duara wenye nusukipenyo cha mita 10, uliochorwa kwa vijiti 12. Kila kijiti kina mita 2.61, na katikati ya kila kijiti ukuta uko milimita 86 ndani ya mviringo halisi. Urefu wote umepungua sentimita 9 tu, ambazo mkadiriaji hawezi kuzishtukia, lakini anayekata vioo kwa kufuata mchoro huo atatengeneza ukuta wenye kona 11 zinazoonekana. Dawa ni nyepesi: mchoraji anaandika idadi kubwa ya vijiti kabla ya kuendelea na kazi. Kinachotakiwa ni mtu wa kumkumbusha.

Revit, ambayo Autodesk iliinunua mwaka 2002 kwa dola milioni 133, na ArchiCAD ya Graphisoft ya Hungaria, hazichori mistari mitupu. Mchoraji anaweka ukuta wenye unene, kimo na tabaka zake, na programu inatoa orodha ya vifaa yenyewe. Katika Revit ukuta wa kawaida ulikubali kwa miaka mingi mstari ulionyooka au tao la duara tu. Umbo la duaradufu liliongezwa katika toleo la 2020. Ukuta wa mkunjo huru huanza kwa kuunda umbo zima, kisha uso wa umbo hilo ndio unaogeuzwa kuwa ukuta. Msanifu akieleza kwamba ilimbidi apitie njia hiyo, mwenye jengo aelewe kwamba ameondoka kwenye ukuta wa kigingi na kamba.

Tahadhari nyingine ni uhamishaji wa faili. Tao lililoanzia SketchUp likipelekwa AutoCAD huweza kufika likiwa vijiti vilevile, halina kitovu wala nusukipenyo cha kuandikwa kwenye mchoro wa kiwanjani. Msanifu mwangalifu hulichora upya.

NUSUKIPENYO CHA USO UPI?

Ukuta una nyuso mbili na mstari wa katikati. Ulionyooka, nyuso zote zina urefu mmoja. Ukipindwa, kila uso unapata urefu wake. Katika mfano wa duka, uso wa nje wenye nusukipenyo cha mita 4 una mita 6.28, na uso wa ndani wenye mita 3.85 una mita 6.05. Tofauti ni karibu sentimita 24. Rangi na lipu ya nje hununuliwa kwa kipimo cha kwanza, na lipu ya ndani na vigae vya pembezoni kwa kipimo cha pili.

Programu humtaka mchoraji achague uso ambao vipimo vitafuata. Revit, isipobadilishwa, huanza na mstari wa katikati ya ukuta. ArchiCAD nayo ina mstari wake wa rejea, unaoweza kuwa nje, katikati au ndani. Kosa hutokea pale mchoro unapoandika "nusukipenyo mita 4" bila kutaja uso. Mchoraji alikusudia katikati, fundi akachukua nje, na ukuta ukasogea milimita 75. Aliyekusudia nje akikutana na fundi aliyechukua ndani, ukuta unasogea milimita 150, unene mzima. Kwenye kiwanja kilichobanwa na mpaka au njia ya watu, milimita hizo zinaweza kuzua mgogoro na jirani.

TOFALI HALIPINDI, DIRISHA HALIPINDI

Kompyuta hupinda kila kitu. Sokoni tofali limenyooka, ubao umenyooka na kioo cha bei ya kawaida kimenyooka. Hapo ndipo nusukipenyo kinapoamua bei.

Tofali la milimita 450 likikaa kwenye tao la nusukipenyo cha mita 4, katikati yake linaachana na mviringo kwa milimita 6 tu. Lipu inafunika. Likikaa kwenye tao la mita 1, linaachana kwa milimita 25, na lipu ya unene huo hula saruji na huelekea kupasuka. Fundi atalazimika kukata matofali nusu kwa nusu ili arudi kwenye milimita 6. Kukata ni muda, na matofali mengine huvunjika.

Viungo vya saruji navyo vinapanuka upande wa nje. Kwenye tao la mita 4, kiungo cha milimita 10 ndani huwa karibu milimita 28 nje. Kwenye tao la mita 1 kwa matofali mazima, kiungo hicho hicho huzidi milimita 90 nje, pengo ambalo mwashi makini hawezi kulikubali.

Dirisha ni gumu zaidi. Fremu ya alumini yenye upana wa mita 1.5 ikiwekwa kwenye ukuta wa nusukipenyo cha mita 4, katikati yake inaachana na mviringo kwa karibu milimita 70, ambayo ni karibu nusu ya unene wa ukuta. Kwenye picha ya kompyuta halionekani tatizo, kwani programu hukata tundu na kuweka dirisha lililonyooka bila kulalamika. Kiwanjani mafundi wawili watabishana nani azibe pengo. Madirisha mawili ya sentimita 75 yanaachana kwa milimita 18 tu kila moja, na ubishi unakwisha.

Ukuta wa vioo una mtego wake. Katika Revit ukuta wa vioo uliochorwa kwa tao huonekana ni kioo kimoja kilichonyooka mpaka mchoraji agawe nguzo za wima, na kila kioo kati ya nguzo mbili hubaki kimenyooka. Idadi ya nguzo basi ndiyo idadi ya kona za ukuta. Nguzo zikiongezwa, mviringo unakuwa laini na bei inapanda. Zikipunguzwa, bei inashuka na kona zinaonekana. Uamuzi huo ni wa fedha, na haupaswi kuachwa kwa mchoraji peke yake.

Lenta na msingi navyo vihesabiwe. Mbao za kufungia zege kwenye mviringo hazitumiki tena kirahisi kwenye kuta zilizonyooka, isipokuwa mkandarasi akitumia plaiwudi nyembamba inayokubali kupinda. Ghorofa zote zikiwa na nusukipenyo kimoja, plaiwudi hiyo hupanda kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Msanifu akibadilisha nusukipenyo kila ghorofa kwa ajili ya urembo, kila ghorofa inataka mbao zake.

SOMO LA SYDNEY NA NAIROBI

Faida ya nusukipenyo kimoja ilionekana kwa kiwango kikubwa Australia. Mwaka 1957 msanifu wa Denmark, Jørn Utzon, alishinda shindano la kusanifu Jumba la Opera la Sydney. Michoro yake ilionyesha mapaa kama matanga ya jahazi, lakini mikunjo yake ilikuwa imechorwa kwa mkono, haina hesabu ya kuijenga. Wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walijaribu maumbo mbalimbali kwa miaka kadhaa. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1961: mapaa yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja lenye nusukipenyo cha takriban mita 75. Kwa kuwa mkunjo ulikuwa mmoja, vipande vya zege viliweza kumiminwa katika kalibu chache zilizotumika tena na tena.

Ufumbuzi huo ulikuja baada ya ujenzi kuanza mwaka 1959. Jumba lililokadiriwa dola milioni 7 za Australia lilifunguliwa Oktoba 1973 kwa gharama ya dola milioni 102, miaka 10 baada ya tarehe iliyopangwa. Sababu hazikuwa mapaa peke yake. Ulikuwapo pia mvutano wa kisiasa, mabadiliko ya matumizi ya kumbi, na Utzon kujiuzulu mwaka 1966. Hata hivyo kuanza kujenga kabla mkunjo haujapata namba ni sehemu ya gharama hiyo.

Mwezi mmoja kabla, Septemba 1973, Nairobi ilizindua Jumba la Mikutano la Kenyatta, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso. Mnara wake wa mviringo una zaidi ya mita 100. Ulijengwa kabla programu za usanifu hazijaingia ofisini, kwa umbo lenye kitovu kimoja ambacho kila ghorofa ilikirudia.

PALE KOMPYUTA INAPOLIPA

Kusema kwamba mkunjo huru ni hasara siku zote si kweli. Mwaka 1997 mji wa Bilbao, Hispania, ulifungua jumba la makumbusho la Guggenheim lililosanifiwa na Frank Gehry wa Marekani. Ofisi yake ilitumia CATIA, programu ya kampuni ya Ufaransa ya Dassault Systèmes iliyozaliwa katika kiwanda cha ndege. Mikunjo ya jengo ilihifadhiwa kama hesabu kamili, na vipimo vikapelekwa moja kwa moja kwa watengenezaji wa chuma na wa mabamba ya titani yanayofunika kuta. Jengo lilivuta watalii hata jina la mji likawa mfano unaotajwa duniani.

Tofauti ya Bilbao na fremu za kona haiko kwenye programu peke yake. Bilbao, aliyepokea faili alikuwa na mashine ya kukata kwa kufuata faili. Kwenye jengo la mfanyabiashara wa kawaida, anayepokea karatasi ana mwiko, kamba na bomba la maji la kupimia usawa. Mkunjo unaofaa ni ule ambao mpokeaji wa mwisho anaweza kuupima.

Lipo pia onyo la London. Mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street, lililosanifiwa na Rafael Viñoly, lilikuwa likikaribia kukamilika. Ukuta wake wa vioo unaotazama kusini umebonyea kwa ndani. Kwa siku kadhaa ulikusanya miale ya jua na kuielekeza mtaani, ukayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa. Mwaka uliofuata ukuta ulivalishwa vizuia jua. Ukuta uliobonyea kwa ndani na wenye vioo hufanya kazi ya kioo cha kukusanya mwanga. Programu nyingi za usanifu huonyesha jua kwa tarehe na saa, na kuomba jaribio hilo kabla ya ujenzi ni rahisi kuliko kununua vizuia jua baadaye.

MASWALI SITA KABLA YA KULIPA

Mwekezaji mdogo anashauriwa asitie saini mchoro wenye ukuta wa mviringo mpaka apate majibu ya maandishi kwa maswali haya:

1. Je, ukuta ni tao la duara au mkunjo huru? Kama ni mkunjo huru, orodha ya pointi iko wapi?

2. Kitovu kiko umbali gani kutoka kwenye kuta mbili zilizonyooka, na je, mahali hapo panaweza kupigiliwa kigingi, au pana mti, shimo au jengo la jirani?

3. Nusukipenyo kimepimwa hadi uso upi: nje, katikati au ndani?

4. Programu gani imetumika, na kama mviringo ni wa vijiti, ni vijiti vingapi?

5. Mita za mraba za sakafu zilizokatwa na mviringo ni ngapi kwa jengo zima?

6. Milango, madirisha na vioo ni vya kunyooka au vya kupinda, na nani amevitolea bei?

UKAGUZI WA TEPU

Msingi ukishachimbwa, mwenye jengo anaweza kupima mwenyewe kama tao lililopo ardhini ndilo lililo kwenye mchoro, hata kama kigingi cha kitovu kimekwisha ng'olewa. Kamba inavutwa kutoka mwanzo wa tao hadi mwisho wake, na urefu wake unapimwa. Kisha, kutoka katikati ya kamba, unapimwa umbali hadi kwenye tao. Umbali huo ni mbinuko.

Hesabu ni hii: urefu wa kamba uzidishwe kwa wenyewe, ugawanywe kwa mbinuko mara 8, kisha ijumlishwe nusu ya mbinuko. Jibu ni nusukipenyo.

Kwa duka la mfano, kamba ni mita 5.66 na mbinuko unapaswa kuwa mita 1.17. Kamba mara kamba ni 32. Mbinuko mara 8 ni 9.36. Gawanya, inakuwa 3.42. Ongeza nusu ya mbinuko, yaani 0.58. Jibu ni mita 4, sawa na mchoro.

Ikiwa mbinuko umepatikana mita 1 kamili, hesabu inatoa mita 4.5. Tao ni bapa kuliko lilivyochorwa. Haliwezi tena kupokea kuta zilizonyooka bila kuacha kona pale zinapokutana, na kona hiyo itaonekana juani kila asubuhi. Siku ya msingi, marekebisho ni koleo na nusu siku ya kibarua. Siku ya lenta, ni kubomoa.